Gari ya Watu Saba au Inayofanana Nayo

Kijiwe cha Manundu, pale Korogwe, watu wamekibatiza Mahakama ya Rufaa, maana hakuna kesi ya mji huu ambayo haijafikishwa pale, na hakuna hata moja iliyokwisha. Ni benchi la ubao uliobanduliwa kwenye lori bovu, kando ya barabara ya Moshi, na jiko la mkaa la Hajira muuza kahawa. Alhamisi hiyo Mhina alifika kabla mkaa haujashika. Mji mzima unamwita Stelingi, kwa miaka thelathini aliyoshika usukani wa mabasi ya Handeni. Alikuwa na siku tisa tangu arudi safari ya nje, na siku zote tisa mkewe Mwanaidi alimtengea chakula bila kumwambia karibu. Kesho, baada ya swala ya Ijumaa, alitakiwa Makuyuni kwa mama mkwe wake, Bibi Mwatumu, akajieleze. Hakutaka kwenda bila karatasi.

— Andika, Wakili! alifoka. Andika kwa hasira!

Huyo Wakili jina lake ni Gerald, na uwakili hajausomea popote. Alikuwa karani wa baraza la kata, akastaafu na kalamu ya ofisi.

— Niandike nini, Stelingi?

— Kwamba nawashtaki wale wakodisha magari. Nakala nikamwonyeshe kesho Bibi Mwatumu, ajue kosa si langu.

Mustafa, fundi simu wanayemwita Satelaiti, akasogea na kikombe chake.

— Kesi yenyewe umeisimulia kwa matusi tu mpaka leo. Anza mwanzo.

— Mwanzo si Husna? Binti yangu kajifungua huko kwa mumewe, mtoto wa kwanza. Na kwetu nywele za siku ya saba hazinyolewi na yeyote, zinanyolewa na bibi mkubwa wa upande wa mama. Bibi Mwatumu kaninyolea watoto wangu wote sita. Husna akatutumia tiketi tatu: mimi, mama yake, na bibi yake. Tukanyoe, kisha tukae wiki mbili tule likizo kama watu.

— Nchi gani hiyo? aliuliza Hajira.

— Siitaji! Nikiitaja naipa sifa! Ndege imetua saa tatu asubuhi ya siku ya saba yenyewe. Kunyoa ni saa kumi alasiri. Kutoka kiwanjani mpaka kwa Husna ni kama hapa na Tanga, saa mbili tu. Muda si upo?

— Upo tele.

— Foleni ya pasi sasa! Wenyeji wanapita mlango wao, chap, wameshafika kwao. Wageni sisi mia nne, afisa mmoja, na huyo mmoja naye akaondoka kwenda kunywa chai! Mama mkwe wa miaka themanini na mbili, na miguu yake inavyomuuma, kasimama masaa matatu!

Wakili akainua kalamu juu.

— Wahenga waliona mbali. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni kasimama, mwenyeji kapona foleni.

— Methali hiyo haimaanishi hivyo, Wakili.

— Wewe Hajira mimina kahawa.

Mhina alikuwa hata hawasikii. Mshipa wa shingo umemtoka, na kahawa inamwagikia kidoleni asijue kwamba inaunguza.

— Tunatoka, begi la mama mkwe halipo. Mwanaidi akabaki kulidai. Mimi na bibi tukapakiwa kwenye kigari, tukapelekwa yadi ya magari, huko nje juani. Husna alishakodi kwa simu: gari ya watu saba, bei chee, baba ni dereva ataendesha mwenyewe. Namkuta kijana mezani, meno yote nje. Eti nilipie bima ya kioo. Bima ya tairi. Bima ya ufunguo! Nikamwambia, we mtoto, mimi masika thelathini nimevuka na abiria Handeni, tope limefika kwenye ekseli, ufunguo sijapoteza! Akasema, basi saini hapa kwamba umekataa.

— Mshenzi!

— Ngoja. Tunatoka uani, gari ya watu saba hamna. Kuna kidude hiki, milango miwili. Kiti cha nyuma, mpaka ulaze cha mbele ndipo mtu apenye kwa kutanguliza makalio. Namuuliza, gari yangu iko wapi? Ananionyesha karatasi: “Gari ya watu saba au inayofanana nayo.” Inayofanana nayo! Vinafanana wapi? Kwa matairi?

Satelaiti alicheka, kisha akajuta.

— Lakini, kaka, si bibi angepenya tu?

— Mbele hawezi kukaa ubavuni mwangu, na nyuma apenye kwa kusukumwa na nani? Mwanaidi hayupo! Tuko wawili tu, mimi na mama mkwe wangu! Nimshike kiuno? Nimsukume?

Benchi zima likaangalia chini. Kwa akina Mhina mkwe ni heshima na hofu. Miaka thelathini na nne yeye na Bibi Mwatumu hawajawahi kutazamana usoni wala kupeana mkono, na hata shikamoo hupita kwa Mwanaidi kwanza.

— Hapo, Stelingi, sheria iko upande wako, Wakili alisema kwa upole.

— Kijana akasema, subiri dakika ishirini, ya watu saba inarudi. Nikasubiri. Zikaisha, akaniongeza ishirini nyingine. Mwanaidi katufikia saa tisa, begi hana, na kidude kimeshapewa mwingine. Ishirini nyingine! Saa kumi ikapita hivihivi tunaiona. Saa kumi na mbili wakafunga geti. Tumelala kiwanjani kwenye viti vya chuma mpaka mume wa Husna alipotufuata asubuhi. Na mtoto alishanyolewa! Na bibi wa upande wa pili! Kwa mashine ya umeme!

— Astaghfirullah, alisema Hajira.

— Bibi Mwatumu kakipapasa kile kichwa. Halafu akamwambia Mwanaidi, nami nasikia: “Sasa mimi nimeletwa kufanya nini?” Basi. Wiki mbili hakusema tena.

Satelaiti ndiye aliyewahi kusema.

— Mimi nawaambia, ile foleni ina kamera. Inakupima uchovu. Ukichoka sana, kompyuta inapeleka habari kule yadi: huyu anakuja, atasaini chochote.

— Zaidi ya hapo, alidakia Wakili. Yule afisa alikwenda kunywa chai wapi? Kule kule yadi! Ni ndugu. Mtegemea cha ndugu hufa maskini.

— Na hiyo gari ya watu saba haipo! Nchi nzima ni picha tu!

— Ipo moja. Inazungushwa viwanja vyote, ipigwe picha.

— Hata kiwanja wamejenga wao wakodisha magari. Ndege ni chambo!

Mhina alikuwa akiitikia kwa kichwa, na kila nadharia ilimpunguzia uzito kifuani. Siku tisa hakuna aliyemwambia hana kosa. Sasa wamemwambia wawili, na kalamu inakimbia, ukurasa wa pili umeshaanza. Alijiona kesho amekaa barazani Makuyuni, karatasi inasomwa kwa sauti, na bibi anasikiliza kutoka ndani.

— Weka na mashahidi, Wakili! Weka na dakika ishirini!

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja na gunia la vitunguu, Dorkasi wa Mkumbara, anasubiri usafiri wa Handeni. Alishakunywa kikombe chake kimya, na alikuwa akisikiliza kwa huruma ya kweli.

— Shikamooni, wazee. Samahani, baba, naulizia tu. Kwani huko mabasi hakuna?

Kalamu ilisimama. Wakili akamtazama Satelaiti, Satelaiti akautazama mkaa.

— Mabasi... alianza Wakili, akamgeukia Mhina.

Mhina aliweka kikombe chini. Lilikuwepo. Basi la bluu, kituo chake kikitazamana na geti la yadi, limeandikwa mbele jina la mji wa Husna. Liliondoka saa saba na nusu. Likaja jingine saa nane. Bibi Mwatumu alilinyooshea mkono, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa haraka, na kwa kuwa hakuna wa kumsemea akavunja mwiko wa miaka thelathini na nne akasema mwenyewe: “Baba Husna, lile pale.” Na yeye akageuza uso. Alijiambia ni heshima ya mkwe. Haikuwa heshima. Dereva mzima, Stelingi, apande basi la watu akae nyuma kama mzigo?

— Stelingi, Wakili aliuliza kwa sauti ya chini, niandike kwamba hayakuwepo?

— Usiandike.

Akazichukua zile kurasa mbili mkononi mwa Wakili, akazitia kwenye jiko la Hajira. Hakuna aliyemzuia. Kisha akauliza, na hakumtazama mtu:

— Hajira, basi la Makuyuni linapita saa ngapi?

— Si umesema kesho, baba?

— Leo.

— La asubuhi limeshapita. Lipo la saa nane.

Akasogea mwisho wa benchi, kando ya gunia la vitunguu, akakaa kulisubiri.