Risala ya Mashabiki wa Misonobari kwa Mwamuzi Tuliyemzomea

Mgeni rasmi, Bi Kristina Luoga, msimamizi wa waamuzi wa ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu katika kanda yetu; viongozi wa klabu; wachezaji wetu wapenzi; wazazi na majirani wa Njombe na Makambako: kamwene.

KUKUKARIBISHA

Tunajua hukutegemea kualikwa na sisi. Tumeambiwa kwamba barua yetu ilipokufikia huko Iringa uliisoma mara mbili, kisha ukauliza kama haikupotea njia. Haikupotea. Msimu uliopita ulichezesha michezo miwili katika uwanja huu, na mara zote mbili tulikuzomea mpaka sauti zikatukauka. Leo, siku ya kufungua msimu mpya, tumekuwekea kiti chenye mto na blanketi, kwa sababu upepo wa Makambako unaujua. Jifunike tu, mama. Hata kocha wetu kajifunika.

Risala hii inasomwa na katibu wetu, Conjesta Nyagawa, lakini maneno ni yetu sote. Tuliyapitisha kwenye kikao kimoja kirefu ambamo watu wawili walitoka nje kwa hasira na kurudi kwa sababu ya baridi.

HISTORIA FUPI

Misonobari iliingia ligi ya kulipwa mwaka jana. Klabu ni ya Njombe mjini, ila michezo ya nyumbani inachezwa hapa, kwa kuwa uwanja huu una taa na sakafu nzima. Timu ilipokuja, wengi wetu tulikuwa watu wa kandanda. Tulikuwa tunashangilia mpira ukigonga ubao, uingie usiingie.

Aliyetufundisha kuangalia ni Mzee Severini Mtweve, fundi wa kunoa misumeno kwenye kiwanda cha mbao, na yeye mwenyewe alifundishwa na mke wake. Mke wake ni Oliva, yule pale safu ya pili mwenye kilemba cha kijani. Bi Oliva alichezea timu ya shule ya masista enzi za usichana wake, na sheria za kikapu anazijua kama anavyojua sala ya jioni. Siku ya mchezo wa kwanza Mzee Severini alimsindikiza tu, akiwa amepanga kuondoka wakati wa mapumziko akaendelee na kazi. Hakuondoka. Alirudi nyumbani kwa miguu, na alipofika mlangoni akamuuliza mkewe, "Jumamosi wanacheza tena?"

Tangu siku hiyo timu ikawa yake. Denis, mchezaji wetu wa ulinzi, aliposhuka kwenye basi mwezi wa sita akitokea Tanga na fulana moja nyembamba, Mzee Severini alivua koti lake palepale stendi akamvalisha. Mikono ya koti iliishia kwenye viwiko. Denis alilivaa hivyo hivyo wiki nzima. Lenard, mchezaji wetu wa kati, mtoto wa kule Mawengi ambaye huinama kwenye kila mlango wa mji huu, alikuwa akipelekewa ndoo ndogo ya viazi vya kuchemsha kila baada ya mazoezi. Mzee alikuwa akisema mtu wa urefu ule hawezi kushiba chakula cha hotelini. Hakuwa na maneno mengi. Lakini timu ikiwa na mchezo, pale kiwandani walijua misumeno itakuwa tayari tangu asubuhi, na kwamba kuanzia saa nane wasimtafute.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, timu ngeni kabisa ilimaliza nafasi ya tano kati ya kumi. Tulishinda michezo kumi. Tuliwafunga mabingwa hapahapa, siku ya ukungu mzito, wakati wageni wenyewe walikuwa wanalalamika hawaoni kikapu. Lenard alishika nafasi ya pili katika ligi nzima kwa kudaka mipira inayorudi kutoka kwenye ubao. Wanawake wa sokoni sasa wanabishana kuhusu ulinzi wa eneo na ulinzi wa mtu kwa mtu huku wanapima maparachichi. Hayo ni mafanikio makubwa na tunayasema kwa furaha.

CHANGAMOTO

Hapa tunaomba utuvumilie, maana sehemu hii ni ndefu.

Mwezi wa saba tulicheza na timu ya Songea. Zilibaki sekunde mbili, tukiongoza kwa pointi moja. Mchezaji wao akaruka kurusha, Lenard akaruka kumzuia, mpira ukaanguka chini, nasi tukaanza kukumbatiana. Ndipo ukapiga filimbi. Faulo. Mitupo miwili.

Unakumbuka kilichofuata. Mpira ulibingirika mpaka miguuni kwa Mzee Severini. Akauokota, akauingiza ndani ya koti, akatembea taratibu hadi katikati ya uwanja, akakaa chini. Alikaa dakika kumi na nane. Ulimfuata wewe mwenyewe, ukainama, ukamwambia kwa upole, "Mzee wangu, naomba mpira."

Akakujibu, na tulimsikia wote, "Mama, wewe umenunuliwa."

Sisi tulipiga makofi. Tunaliandika hili kwa aibu, lakini tuliona tukilificha risala itakuwa na tundu. Mzee aliinuliwa na askari wawili, mpira ukatolewa kwenye koti, Songea wakafunga mitupo yote miwili. Tukapoteza kwa pointi moja.

Jioni ile nyumbani kwake, kama Bi Oliva alivyotuhadithia, Mzee alikaa mezani akisubiri kufarijiwa. Mkewe akampakulia makande, akakaa, akasema, "Baba Aron, ile ilikuwa faulo."

Kijiko kikasimama hewani. "Hata wewe?"

"Hata mimi. Lenard alimpiga mkononi. Nilikuwa upande ule, nimeona."

"Hukusema pale."

"Ungenisikia?"

Siku mbili walizungumza mambo ya kuku na maji tu. Siku ya tatu Mzee alimkuta Lenard mazoezini, akamuuliza ana kwa ana. Lenard akatazama viatu vyake, akasema, "Nilimgusa, mzee. Nilimgusa sana."

Basi Mzee Severini akarudi nyumbani akalala mapema. Faulo ilishamtoka moyoni. Kilichomkaa ni lile neno alilokuambia mbele ya watu mia nne, wewe mwanamke wa watu uliyekuwa unafanya kazi yako. Alitaka kukuandikia. Alianza barua mara nyingi, na Bi Oliva anasema kila mara alikwama baada ya "Mpendwa Mwamuzi".

Adhabu ikaja: asiingie uwanjani misimu miwili. Hatujawahi kuona mtu akitii hivyo. Kila mchezo wa nyumbani alikuja, akasimama nje, barabarani, nyuma ya ukuta wa matofali karibu na geti dogo. Bi Oliva akahamia benchi la juu kabisa upande ule, akawa anamtangazia kwa sauti: "Denis kapokonya! Anakwenda! Kakosa!" Na kutoka nyuma ya ukuta tunasikia, "Aaah!" kama mtu aliyeungua mkono. Siku moja dereva wa lori la mbao alimwonea huruma, akamwambia apande juu ya mzigo aangalie. Mzee akakataa. Alisema, "Nikiangalia kutoka hapo nitakuwa nimeingia."

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wewe hulijui.

Mchezo wa mwisho, mwezi wa tisa, tulicheza na timu ya Mbeya. Tukishinda, tunaingia nne bora. Ukapangwa wewe tena. Matokeo yalikuwa sare, sekunde tisa zimebaki, Denis akakata katikati, akaruka, akafunga. Ukakifuta kikapu. Ulisema amemsukuma beki aliyekuwa amesimama. Mbeya wakaenda upande wa pili wakafunga. Msimu ukaisha.

Wewe uliingia kwenye kile chumba kidogo cha waamuzi kuandika ripoti. Sisi tulitoka kwa geti kubwa. Tulikuwa kama sitini. Hatukuwa tunakwenda nyumbani. Tulizunguka ukuta kuelekea geti dogo, lile linalotoka kwenye chumba chenu, ambako gari lenu lilikuwa limeegeshwa. Wengine walikuwa wameokota mawe. Hatutasema tulitaka kutisha tu. Hatujui tulitaka nini, na hilo ndilo linalotutia hofu mpaka leo.

Getini tulimkuta Mzee Severini. Alikuwa ameegemeza mgongo kwenye mlango wa bati.

Mbele yetu alikuwa mwenyekiti wetu, Laurenti Mlowe, ambaye ameketi hapo kando yako na amekubali jina lake lisomwe. Akasema, "Mzee, pisha."

"Ilikuwa faulo," akasema Mzee.

"Umeonaje, na wewe ulikuwa nje?"

"Mke wangu ameniambia."

Mtu mmoja akacheka, na kicheko hicho kilitusaidia kidogo. Lakini Laurenti hakucheka. Akasogea mpaka wakawa uso kwa uso. Akasema, "Wewe mwenyewe ulisema huyu mama amenunuliwa. Wewe! Sisi tulikuwa tunapiga makofi tu."

Waliokuwa karibu walidhani Mzee Severini atapisha. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Nilisema. Nikasema uongo. Miezi miwili nalala na neno hilo, Laurenti, na ni neno tu. Jiwe utalala nalo vipi?"

Upepo ulikuwa unapiga bati nyuma ya mgongo wake. Laurenti akafungua mkono, jiwe likaanguka karibu na kiatu chake. Tukaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mtu akijifanya ana haraka ya mahali pengine.

Robo saa baadaye ulitoka. Ulimwona mzee mmoja mwenye koti refu akikufungulia geti, ukamwambia, "Asante, mlinzi. Leo watu wako wamekuwa watulivu." Hukumtambua, giza lilikuwa limeanza kuingia. Akakujibu, "Safari njema, mama." Alitamani kukuambia yeye ni nani. Bi Oliva alipomuuliza kwa nini hakusema, akajibu kwamba ulionekana umechoka, na hakutaka uondoke Makambako na uzito mwingine.

MAOMBI

Mgeni rasmi, kwa heshima tunayo maombi matatu.

La kwanza, meza ya watunza muda haina paa. Mvua ikinyesha wanahesabu sekunde chini ya mwavuli wa mtu. Tunaomba utusemee kwa wakubwa.

La pili, tunaomba uje siku moja utufundishe sheria. Tumekuwa mashabiki wa mchezo ambao nusu yake hatuujui, na nusu hiyo ndiyo inayotugombanisha na watu. Bi Oliva hawezi kukaa kila benchi. Wako pia wasichana saba wa sekondari wanaotaka kuwa waamuzi. Walituambia walianza kulitaka jambo hilo siku ile ulipoinama katikati ya uwanja na kusema "Mzee wangu" kwa mtu aliyekufichia mpira.

La tatu tumelibishania kuliko yote. Mzee Severini alipojua tunaandika risala, alikuja kwenye kikao akatuomba tusimtaje. Alisema, "Ombeni paa. Mimi adhabu yangu ni halali." Kisha akaondoka. Tulipiga kura, na kwa mara ya kwanza katika historia ya tawi hili tukampinga kwa kauli moja, mkewe akiwamo.

Kamati ya nidhamu imetuambia kwamba msimu wa pili wa adhabu unaweza kufutwa iwapo mwamuzi aliyetukanwa ataandika kwa mkono wake kwamba ameridhia. Hatukuombi uandike leo. Hatukuombi hata useme neno hapa mbele ya watu, maana kusamehe huku unatazamwa na umati ni kazi ngumu, na tulishakupa kazi ngumu za kutosha. Na ukiona adhabu iendelee, tutaitii kama yeye anavyoitii, na Bi Oliva ataendelea kutangaza.

Tunaomba jambo dogo zaidi. Mzee Severini hayumo humu ndani, kwa sababu haruhusiwi. Amesimama nje ya ukuta, upande wako wa kushoto, na kila neno la risala hii amelisikia kwenye spika. Tunamfahamu, sasa hivi ametuchukia. Yeye hawezi kuja kwako. Wewe unaweza kwenda kwake, ni hatua kama thelathini. Mchezo wa kufungua msimu umepangwa saa kumi, na tumekubaliana na timu zote mbili kwamba ukichelewa, tutasubiri.

Mungu akupe afya na macho mazuri. Akuepushe na ukungu wa barabara ya kurudi Iringa. Awape wachezaji wetu magoti mazima, na sisi atupe masikio ya kusikia filimbi hata inapotuumiza.

Ni sisi wako,
Mashabiki wa Misonobari, Tawi la Makambako.