Mwalimu Révérien, Aliyetufundisha Kuingoja Serikali Bila Woga

Ijumaa tarehe 29 Mei 2026, Mwalimu Révérien Bigirindavyi anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha elimu ya watu wazima kwa miaka ishirini na saba. Wengi wetu hatujawahi kufanya kazi hapa bila yeye. Mkuu wa kituo tuliye naye sasa ni wa sita. Mwalimu aliwapokea wote, akawaonyesha wote mahali inapofichwa kahawa nzuri, na watano kati yao amekwisha kuwaaga.

Kazi yake ina jina refu la Kiswidi, samhällsorientering, yaani masomo ya kumsaidia mgeni kuijua jamii aliyoingia. Wanafunzi hawakujisumbua na jina hilo. Walisema tu, "Naenda kwa Mwalimu," na mtu yeyote anayezungumza Kiswahili kuanzia Jordbro hadi Jakobsberg, yaani pembe moja ya Stockholm hadi nyingine, alijua ni mwalimu gani. Wamepita mikononi mwake madereva, wauguzi, wachungaji, mafundi cherehani, na bibi mmoja wa miaka themanini aliyekuja kwa sababu nyumbani kwa mwanawe hakukuwa na mtu wa kubishana naye.

Alizaliwa Gitega, Burundi, akasomesha hisabati shule ya sekondari mpaka vita vilipomtoa. Kiswahili chake kilinenepea katika kambi ya wakimbizi Kigoma, ndiyo maana Wakenya humwambia anaongea kama msoma habari wa Tanzania, na sisi Watanzania tunamwambia lafudhi yake ni ya Burundi tupu. Yeye na mkewe, Médiatrice, walifika Stockholm mwaka 1997. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupanga maboksi ya samaki walioganda katika ghala moja Jordbro. Anasema hapo ndipo alipojifunza maneno yake ya kwanza ya Kiswidi, na mengi kati ya hayo hawezi kuyatumia darasani.

Alipoajiriwa hapa mwaka 1999, darasa lake la kwanza lilikwama kwenye neno moja. Mkenya alisema kipande, Mtanzania kitambulisho, Mkongomani karte. Mwalimu aliyaandika yote matatu ubaoni, akasema, "Polisi anataka hicho hicho kimoja." Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemcheka mwenzake kwa Kiswahili chake, au angalau hakumcheka kwa sauti.

Masharti yake yalikuwa machache. "Katika nchi hii," aliwaambia wageni, "unaweza kumwambia waziri mkuu kwamba hafai, ukaenda kulala salama. Lakini ukipitisha muda wa zamu yako kwenye chumba cha kufulia cha jengo zima, mimi sitaweza kukusaidia." Msimu wa baridi wa 2011 alilipeleka darasa kuteleza kwenye barafu ili waone Waswidi wanavyofurahia baridi. Alivunjika kifundo cha mkono wa kulia kabla hajamaliza kueleza faida zake. Kwa majuma kadhaa aliandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, na mwandiko ukawa mzuri kuliko ule wa zamani. Tulimwambia hivyo wazi.

Lakini nikiulizwa Mwalimu alifanya nini hasa hapa, nitasimulia habari za uchaguzi wa bunge wa Septemba 2018 na miezi iliyofuata. Nilikuwa nikifundisha chumba cha jirani, na mwenyewe ameniruhusu kuziandika.

Agosti mwaka ule darasa lake la mtaa wa Rissne lilifanya uchaguzi wa mazoezi, kwa karatasi za njano za bunge, za buluu za mkoa na nyeupe za manispaa. Msimamizi wa sanduku alikuwa Dorothy, mama kutoka Naivasha, Kenya, aliyekuwa na mwaka mmoja tu Sweden. Alikuwa na sauti ya kuamrisha na kicheko cha kusikika hadi kwangu. Darasa lilikwisha kwa furaha, kila mtu akienda zake akijua sanduku linavyofanya kazi.

Kisha nchi ikapiga kura kweli, na hakuna upande uliopata wabunge wa kutosha. Mwisho wa Septemba bunge likamwondoa waziri mkuu, naye akatakiwa kushikilia nafasi mpaka apatikane mwingine. Oktoba ikapita. Novemba bunge likamkataa mtu wa kwanza aliyependekezwa. Kwa Waswidi ilikuwa habari ya kukunjia uso wakati wa chakula cha mchana. Darasani kwa Mwalimu viti vilianza kubaki vitupu, na cha Dorothy kikawa kimojawapo.

Mwalimu akampigia simu. Ikapokelewa na Tiana, binti wa Dorothy wa miaka saba, ambaye alikuwa keshaanza kumjibu kila mtu kwa Kiswidi.

"Mama anakunja nguo," akasema. "Za sisi wote."

Dorothy alipochukua simu hakusalimia. "Mwalimu, mimi hiyo sinema nishaiona. Kule kwetu tuliambiwa tungoje matokeo, tukangoja. Kibanda changu kilichomwa na jirani tuliyekuwa tukiombana naye chumvi. Sasa hapa hakuna serikali. Watu wakikasirika, si wataanza na sisi wageni?"

"Unakwenda wapi, Mama Tiana?"

"Finland. Niko na binamu huko."

"Finland wana uchaguzi Aprili."

Kisha Mwalimu akasikia kicheko, kwanza kidogo, halafu kile chenyewe.

"Njoo darasani kesho," akamwambia. "Nguo zitasubiri."

Alikuja, na akawavuta wengine. Mwalimu alichora ubaoni nani anamlipa muuguzi, nani anaondoa theluji, nani anaendesha shule, na namna yote hayo yanavyoendelea hata waziri mkuu akiwa wa muda. Nilikuwa nimeingia kuazima waya wa kompyuta, nikasimama mlangoni kusikiliza. Dorothy akainua mkono.

"Hayo ya theluji nimeelewa. Mimi nauliza hivi: wewe mwenyewe, Mwalimu, Septemba ulimpigia nani?"

"Kura ni siri, Mama Tiana."

"Basi usiniambie nani. Niambie ulipigia wapi."

Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Sikupiga," akasema. "Sijapiga kura tangu nifike nchi hii."

Mtu mmoja alicheka akidhani ni utani, akanyamaza alipoona wengine hawacheki. Mwalimu akavuta kiti, akaketi, akawaeleza. Juni 1993 alikuwa msimamizi wa kituo cha kupigia kura katika shule aliyokuwa akisomesha. Watu walikuja alfajiri wamevaa nguo za kanisani. Mdogo wake, Gaël, hakutaka kuamka. Mwalimu alimvuta shuka, akamwambia siku kama ile hailaliwi. Gaël akaenda, akapiga kura, na matokeo yalipotangazwa alicheza barabarani na fulana ya chama chake. Oktoba rais aliyechaguliwa akauawa. Katika siku zilizofuata, waliokuwa wamemwona Gaël akicheza walimkumbuka.

"Mimi ndiye niliyemwamsha," Mwalimu alisema. "Tangu hapo nikiishika karatasi ya kura, mkono unakataa. Kuifundisha naweza, kwa kuwa naijua. Kuipiga ndiko kulikonishinda."

Dorothy aliinuka. Alimimina kahawa, akatia sukari vijiko vitatu bila kuuliza, akaiweka mbele ya Mwalimu.

"Basi, Mwalimu, wewe na mimi tuko darasa moja," akasema. "Sasa tufanyeje?"

Mwalimu alikunywa kidogo. "Twende tukawaone wabunge wakigombana."

Hivyo Desemba, siku bunge lilipompigia kura mtu wa pili, walikwenda karibu darasa zima, nami nikafuatana nao. Makoti na simu vilifungiwa kabatini, tukapanda hadi roshani ya wageni. Kupiga makofi ni marufuku, na kuongea pia. Mwalimu aliketi mwisho wa safu, mikono ameibana magotini. Taa za kura ziliwaka ubaoni, na yule mtu akakataliwa kama mwenzake wa kwanza. Dorothy alinishika mkono wa sweta akaukaza. Tulikuwa tunangoja makelele. Chini yetu wabunge walikusanya karatasi zao. Wawili waliokuwa wametoka kupingana walisimama karibu na mlango wakionyeshana picha kwenye simu, na mmoja akacheka.

Dorothy hakuridhika. Tulipotoka alimwendea mlinzi, mzee mwenye masharubu meupe, akamuuliza kwa Kiswidi chake kipya, "Sasa kutatokea nini?"

Mlinzi alifikiri kidogo. "Tunafunga roshani," akasema. "Choo kiko upande wa kulia."

Kwenye daraja la kutoka bungeni, katika upepo, Dorothy aliwatafsiria wenzake huku machozi ya kicheko yakimtoka. "Nchi haina serikali, jamani, na mzee ananionyesha choo!" Jioni ile nguo alizokuwa amezikunja zilirudi kabatini kwake. Mwalimu hakucheka sana kama wengine. Alitembea nyuma yetu hadi kituo cha treni, na nilipogeuka kumtazama alikuwa ameivua kofia, katika baridi ile, kama mtu anayetaka kichwa kipate hewa.

Januari serikali ikapatikana. Tuliitazama kura ya bunge darasani, ikionyeshwa ukutani. Waliosema hapana walikuwa wengi kuliko waliosema ndiyo, na mtu akawa waziri mkuu. Darasa likaripuka.

"Wizi!" akasema mmoja.

Mwalimu aliwaeleza sheria yenyewe: anayependekezwa hupita, isipokuwa zaidi ya nusu ya wabunge wote wakimkataa. Waliokaa kando hawahesabiwi kuwa wamemkataa.

"Yaani hakupendwa?" Dorothy akauliza.

"Hakukataliwa vya kutosha."

"Hata ndoa nyingi ziko hivyo," akasema Raïssa, mama wa Bukavu aliyekuwa akikaa nyuma na kuongea mara moja kwa mwezi. Somo liliishia hapo. Hakuna mwalimu duniani ambaye angeweza kulirudisha.

Mei ile kulikuwa na uchaguzi wa bunge la Ulaya, na kura za mapema zilipigwa maktaba. Mwalimu alikwenda na bintiye, Inès, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo. Inès ndiye aliyenihadithia. Baba yake aliingia nyuma ya kizuizi, akakaa mno, mpaka mhudumu akamsogelea na kumuuliza kama anahitaji msaada. "Hapana," Mwalimu akajibu. "Namsalimia mdogo wangu." Kisha akatoka, akailamba bahasha, akalalamika kwamba gundi ya Waswidi haina chumvi, akaikabidhi. Inès, ambaye tangu utoto huongea na wazazi wake kwa Kiswidi, alisema alijikuta akimwambia kwa Kiswahili, "Pole, baba. Hongera, baba." Hakujua lipi litangulie.

Septemba 2022 Mwalimu alipiga zote tatu, ya njano, ya buluu na nyeupe, na kesho yake alikuja kazini akiwa na maoni makali juu ya usafiri wa reli.

Ziara ya roshani imekuwa sehemu ya kozi yetu tangu wakati ule, na vituo vingine vimeiga. Kwangu mimi alifanya zaidi. Nilipoanza kazi nilikuwa nikijibu hofu za wanafunzi kwa vifungu vya sheria. Yeye aliniambia, "Elieshi, kwanza muulize mtu hofu yake aliiona wapi. Sheria itakuja baadaye, haina haraka." Walimu vijana watatu aliowalea wanafundisha hivyo leo, na mmoja wao ndiye anayerithi chumba chake.

Dorothy sasa anafanya kazi ya kuwahudumia wazee huko Jakobsberg. Mwaka 2022 alikaa kwenye meza ya kupokea wapiga kura, na Septemba hii jina lake limo miongoni mwa wagombea wa baraza la manispaa ya Järfälla. Chama chake sikitaji, maana Mwalimu hakubaliani nacho hata kidogo, na wamebishana mara mbili jikoni kwetu hadi kahawa ikapoa. Alimwomba Mwalimu naye ajiandikishe kusimamia sanduku mahali fulani. Mwalimu akakataa. "Nataka kusimama kwenye foleni kama watu wengine," alisema, "niulalamikie urefu wake."

Yeye na Médiatrice wamepata kishamba kidogo cha kulima maharagwe na lengalenga, ule mchicha wa kwao, na wajukuu wawili wa kuwasumbua. Kazi haitawakosa.

Juma lililopita, katika somo lake la mwisho kuhusu bunge, kijana mmoja mgeni alimuuliza itakuwaje mwaka huu serikali isipopatikana upesi. Mwalimu hakwenda ubaoni. "Mtaenda kazini," akasema, "watoto wataenda shule, na mtangoja. Inachosha, lakini haiui. Nami nitakuwa nyumbani Rissne, nangoja pamoja nanyi. Aliye na wasiwasi aje tunywe kahawa."

Mwalimu Révérien, asante kwa miaka yote hii, kwa uvumilivu wako na kwa ukweli ulioutoa siku ile ulipoweka kalamu chini. Wewe na Médiatrice, tunawaombea afya, usingizi mzuri na miaka mingi yenye amani. Na ujiandae, maana hiyo kahawa tutakuja kuinywa kweli.

Elieshi Mlay, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako