Kundi la Wanne na Mutoto wa Tano

Mbele ya kibanda cha Paulin, fundi wa simu mjini Goma, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe meusi ya volkano, na ubao huo haukosi watu tangu kunapokucha. Mama Rosette anauzia hapo kahawa ya tangawizi. Upande wa kuume anakaa Muzee Sikuli, dereva mstaafu wa lori la Fuso, jina la kijiweni Ministre, yaani Waziri, kwa kuwa hakuna shauri la nchi asilolitolea amri. Kushoto ni Bulonza, karani kutoka Bukavu, anayeitwa Avocat, yaani Wakili: mahakamani hajakanyaga, lakini ukimsalimia atakuuliza una ushahidi gani. Siku hiyo Paulin alitoka kibandani na karatasi mkononi, uso kama simu iliyoanguka majini.

— Ni polisi wanakuita? akauliza Avocat.

— Afazali polisi. Ni Madame, mwalimu wa Daniella. Anataka anione kesho asubui.

Daniella ni binti yake wa miaka saba. Paulin akawasomea. Jana Madame aliwapanga watoto watano-watano, kila kundi lijenge nyumba ya boksi. Kundi la Daniella lilikuwa na wanne. Mwanafunzi mpya, msichana aliyefika kutoka Rutshuru wiki tatu zilizopita, akawasogelea awe wa tano. Daniella akaweka mkono juu ya boksi, akasema: "Hapa tuko komple, hakuna nafasi." Mtoto yule akaenda kukaa peke yake mlangoni mpaka saa ya kutoka.

— Mutoto wangu hana roho mubaya, Paulin akasema. Biskuti yake anagawanyaka na paka ya jirani! Sasa kesho nitamujibu Madame nini?

— Batoto ni sawa na mizigo, Ministre akaanza. Ukipakia vitunguu vyote upande moja, kwa kona ya Kanyabayonga utalala chini. Wazee walisema: mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Huyu ana wiki tatu. Jembe yake iko wapi?

— Muzee, ni mutoto wa miaka saba! akasema Mama Rosette.

— Basi, kajembe.

Avocat akasimama, akafunga kifungo cha koti.

— Napinga! Iandikwe sheria. Kila kundi iwe na prezida, sekretere, na mushauri wa bageni. Mwenye kusema "komple" alete karatasi ya ukomple, yenye muhuri.

— Na muhuri ataipiga nani? akauliza Mama Rosette.

— Mutu mwenye uzoefu. Kama mimi.

— Nilijua! Mama Rosette akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mimi ningewapikia maharagi, sahani moja, kijiko moja, batoto batano. Kila mumoja anangoja mwenzake. Njo vile watajifunza.

— Ao wa kwanza atamaliza maharagi, akasema Paulin.

— Acheni maharagi! Ministre akagonga ubao. Dawa ni moja. Darasa lote juu ya Fuso, twende Butembo kwa mvua. Gari ikizama kwa matope siku tatu, hakuna mutu anauliza mwenzake ni wa kundi gani. Wote wanasukuma! Mimi hata muke wangu nilimupata kwa matope. Penye wazee hapaharibiki neno.

— Na penye matope? akauliza Avocat.

— Panaharibika nguo tu.

Paulin alicheka pamoja nao. Lakini kila akiitazama ile karatasi alimwona mtoto asiyemjua, amekaa mlangoni, anatazama migongo ya wenzake.

Kulikuwa na mteja aliyeleta simu ya kioo kilichopasuka, mgeni kijiweni hapo, Jean-de-Dieu kwa jina. Alikuwa amesikiliza yote.

— Mutanisamehe, akasema. Huyo mutoto munayezungumuzia, anaitwa nani?

Avocat akapekua karatasi zake kana kwamba jina lilikuwa humo. Ministre akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Paulin akaigeuza barua nyuma na mbele. Madame aliandika "mwanafunzi mpya", basi.

Wakati huo huo Daniella akatokea, mkoba mgongoni, anatoka shule.

— Daniella, Paulin akauliza, yule mwenzenu wa Rutshuru anaitwa nani?

— Mupya.

— Hiyo si jina.

— Tunamuitaka Mupya. Haiko kwa registre ya majina bado, Madame hamuitake.

Paulin akachuchumaa, macho yake yakawa sawa na ya mtoto.

— Na juu ya nini ulimwambia muko komple?

Daniella akamtazama kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo muulizaji analijua.

— Ni vile wewe ulisema kwa telefone, Papa. Wakati Shangazi Élodie aliomba kuja kulala kwetu na batoto yake.

Hata Avocat hakudai ushahidi.

— Nilisema vibaya, Paulin akajibu polepole. Mutoto mwenzako iko wapi sasa?

— Kwa mulango ya shule. Anangojaka mama yake mukubwa.

— Kimbia umuulize jina.

— Na akikataa?

— Hata mimi ningekataa. Umungoje kidogo, umuulize tena.

Daniella akamwachia baba mkoba, akakimbia. Paulin alisimama konani, akawaona kwa mbali, mlangoni pa shule: mmoja anachora chini kwa kidole cha mguu, mwingine anatazama pembeni, kisha vichwa viwili vimeinamia mchoro mmoja. Zikapita dakika nyingi. Daniella akarudi akihema.

— Anaitwa Mukamugema! Na yeye aliniuliza yangu, hakukuwa anaijua. Na Papa, anasema nyumba yetu ya boksi haina mulango. Ni kweli! Tulisahau! Kesho yeye njo ataikata.

— Si niliwaambia! Ministre akapiga makofi.

— Uliwaambia nini? akauliza Mama Rosette, akimjazia kikombe.

Paulin hakungoja jibu. Alikuwa ameingia kibandani, simu iko sikioni, mkono mwingine umeziba sikio la pili ili kelele za ubao zisimzuie.

— Alo, Élodie? Ni Paulin. Dada, muko bangapi?