Pamba Shingoni mwa Kamongo

Siku hizi mnasema kijiwe. Sisi tulisema "kwa Severine" tu, na Bariadi nzima ya miaka ile ya hamsini ilijua ni wapi: pembeni mwa duka la Mhindi, mbele ya banda la kutengenezea baiskeli, pale ubao wa bodi ya lori bovu ulipolazwa juu ya matofali ukawa benchi. Mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza hiyohiyo, kwa hiyo nilisikia yote hata siku ambazo sikutaka. Msimu wa pamba malori yalipita yamejaa mpaka juu, nyuzi nyeupe zikawa zinatua kwenye vikombe vyetu, na Mama Klementina, mjane aliyetuuzia kahawa, alizitoa kwa ncha ya kidole kabla hajakukabidhi kikombe chako. Hakuna aliyelalamika. Kahawa ile ilikuwa na tangawizi na moshi wa samadi, na sijapata kunywa nyingine kama hiyo tangu hapo.

Severine mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye grisi kwenye kucha. Mkewe, Wilhelmina, alikuwa mtoto wa wavuvi wa upande wa Nyashimo, ziwani. Mwaka mmoja mimba yake iliharibika, akaenda kwao kupumzika. Siku ya kurudi, mama yake aliingia majini kwenye matete, akachota kwa mikono yake kitoto cha kamongo kisichozidi urefu wa kidole, akakitia kwenye kopo.

— Nenda nacho, alimwambia. Uwe na wa kumlisha asubuhi.

Basi kamongo yule akaja Bariadi, nchi ya ng'ombe, kwa watu ambao samaki walimjua akiwa amekauka tu. Severine alimtengenezea sanduku la vioo vya kabati lililovunjika, akaziba pembe kwa lami. Tulikuwa tunapanga foleni kumwangalia. Maana kamongo akiwa mdogo matamvua yake hayajifichi kama ya samaki wengine. Yanatokeza nje, huku na huku shingoni, kama vinyoya vyekundu, na akitulia unayaona yanapepea. Wilhelmina alikuwa akikaa mbele ya kile kioo kila asubuhi na kisosi cha minyoo, na taratibu tukaanza kumsikia akiimba tena.

Kisha habari ikaja kwamba mama yake ni mgonjwa. Wilhelmina akapanda lori kwenda kumuuguza, akamwachia Severine yule mnyama. Hazikupita wiki nyingi, jioni moja Severine akatoka bandani amekumbatia sanduku, akaliweka chini mbele ya benchi.

— Njooni muone.

Tuliinama wote. Vinyoya vyekundu havikuonekana. Shingoni mwa kamongo kulikuwa na manyoya meupe, laini, yaliyovimba.

Wa kwanza kusema alikuwa Boniventura. Tulimwita Injini kwa sababu alifanya kazi kwenye kinu cha kuchambulia pamba.

— Hiyo ni pamba.

— Pamba gani?

— Pamba, Severine. Hii tunayolima. Malori yanapita hapa kutwa, nyuzi zimeingia majini zikamng'ang'ania.

— Nimejaribu kuzipangusa, hazitoki.

— Basi amemeza mbegu. Imeota.

— Imeotea shingoni?

— Kwani wewe ulitaka iotee wapi?

Novatus, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuna habari iliyompita, alitikisa kichwa kwa kutuhurumia.

— Nyinyi hamfuatilii mambo ya dunia. Wazungu wanafyatua mabomu makubwa huko baharini. Yanatoa vumbi jeupe. Linakuja na upepo.

— Likavuka bahari yote kumtafuta kamongo wa Severine?

— Lilianza na kuku wa shemeji yangu kule Zagayu. Walinyonyoka wote.

— Kuku wa shemeji yako wana utitiri, Redio.

— Na utitiri umetoka wapi?

Hapo Maganga akaweka kikombe chini. Maganga tulimwita Bama, kwa vile alipigana vita Burma, na hapakuwa na kitu duniani asichokilinganisha na huko.

— Nisikilizeni mimi niliyeona. Kule tulitembea majini mpaka ngozi zikaoza. Katikati ya vidole vya miguu tuliota kitu hikihiki, cheupe hivihivi. Ni ukungu. Daktari wa jeshi alituambia tutie miguu kwenye maji ya chumvi.

— Huyu hana miguu, Bama.

— Ana shingo.

Mama Klementina aliweka birika chini. Alikuja, akachota maji kwa kiganja, akayanusa.

— Severine baba, haya maji yananuka.

— Ni ya samaki, mama.

— Hapana. Yanaoza. Unamlisha nini?

— Maini. Asubuhi na jioni.

— Anayamaliza?

Severine alijikuna shingoni.

— Mengine. Nilimwona kama ana majonzi tangu mwenzangu aondoke. Nikawa namwongezea.

— Na sanduku unaliweka wapi?

— Dirishani, apate mwanga.

— Jua la mchana la hapa, kwenye kioo? Unampika, mwanangu.

Lakini wanaume tulikuwa tumeshanoga na ile habari ya jeshi, na maneno ya mama yule yakapita. Bama kwao ni Kimali, upande wa Ziwa Eyasi, na nyumbani kwake hapakukosekana chumvi ya huko. Akaenda mbio akarudi na kibuyu. Kamongo akatiwa kwenye karai la maji. Bama akamimina ukufi mmoja wa chumvi, akaangalia, akamimina wa pili.

— Inatosha, alisema Severine.

— Ukungu wa Burma ulikuwa hauondoki kwa huruma.

Akamimina wa tatu.

Yule mnyama alijipinda kama uzi uliotupwa motoni. Alipiga maji mpaka yakaturukia usoni, kisha akageuka tumbo juu, akatulia. Severine alipiga yowe ambalo sikujua kama analo. Alimkamata kwa mikono mitupu, akamtumbukiza kwenye ndoo ya maji safi ya kuoshea vikombe. Tulisubiri. Mdomo ukafunguka kidogo, ukafumba. Upande mmoja wa shingo vinyoya vilikuwa vimekatika, vinaelea.

— Ondokeni, alisema Severine.

— Nkoi wane, rafiki yangu, alianza Bama, mimi nilidhani...

— Ondokeni wote. Kwenu hiki ni kichekesho. Mama mkwe alimchota kwa mikono yake, mke wangu ameniachia mimi, na nyinyi mnabishana.

Tukaondoka. Mimi sikuwa na pa kwenda, nikarudi kwenye cherehani yangu hatua chache pale, nikashona bila kuinua kichwa. Kesho yake benchi lilikuwa tupu, na keshokutwa. Mama Klementina alikuja na birika lake, akakaa kitambo, akaenda kuuza sokoni. Sijui kama mmewahi kuona benchi lililozoea watu likiwa halina mtu. Mnaweza kucheka, ila mimi nilikuwa nikilitazama natamani hata ule uongo wa Redio.

Asubuhi ya siku iliyofuata dereva wa lori kutoka upande wa ziwani alisimama mbele ya banda. Hakuzima injini. Alishuka, akavua kofia, akamwambia Severine kwamba mama mkwe wake amefariki.

Severine alikaa chini palepale, kwenye vumbi, spana mkononi.

— Nitamwambia nini Wilhelmina? aliniuliza. Mama amekufa. Na huyu kamongo aliyemwachia, nimemuua mimi.

— Hajafa, nilisema.

— Bado.

Hakukuwa na muda wa maneno. Mkwe lazima aende kuzika. Alichukua koti, akapanda lori, akaondoka bila kufunga banda. Nami nikaacha nguo ya watu nusu, nikaenda kumtafuta Injini, kisha Redio, kisha Bama, na mwisho Mama Klementina.

Safari hii hakuna aliyebisha. Wakati Mama Klementina alipoinama mbele ya sanduku, wale wanaume watatu walisimama nyuma yake kama watoto wa kipaimara.

— Kwanza maji, alisema. Injini, nenda mtoni, kwenye visima vya mchangani. Yaje safi. Lakini usiyamimine. Yakae kwenye mtungi kivulini mpaka yapoe sawa na haya, asije akashtuka.

— Na sanduku?

— Lisuguliwe kwa mchanga na maji ya moto. Sabuni isiguse. Redio, wewe hiyo ndiyo kazi yako, na uifanye ukiwa umefunga mdomo.

Bama alikuwa amebaki nyuma ya wote, kibuyu chake cha chumvi kwapani.

— Na mimi, mayu, mama yetu?

Mama Klementina alikitazama kibuyu.

— Daktari wako alikuwa sahihi. Ni mkono wako uliokuwa mzito. Weka chumvi kama ya mboga ya mtoto.

Tukalihamisha sanduku nyuma ya banda, penye kivuli, tukalizungushia magunia mabichi ili maji yabaki baridi. Kila siku Bama alimtoa kamongo, akamlaza kwenye karai la maji yenye chumvi kidogo, muda wa mtu kunywa kikombe kimoja bila haraka, kisha akamrudisha. Mtu aliyevuka mito ya Burma chini ya risasi, alihesabu punje za chumvi kwa mnyama wa urefu wa kijiko. Injini alileta maji kwa baiskeli kabla ya zamu ya kinu, tukawa tunatoa kiasi cha yale ya zamani na kutia mapya, si yote kwa mkupuo. Mabaki ya chakula yaliokotwa kabla hayajaoza. Maini yalipigwa marufuku. Alipewa minyoo, na kidogo.

Siku za mwanzo hatukuona kitu. Halafu asubuhi moja yale manyoya meupe yalikuwa yamesinyaa. Siku nyingine kipande kikadondoka, na chini yake pakaonekana uwekundu.

— Ninyi, aliita Redio, njooni! Anapepea!

— Punguza sauti, utamshtua.

— Nilisema mimi ni bomu. Upepo umegeuka, ndiyo maana anapona.

— Ni pamba, Redio. Msimu unakwisha.

Ndivyo ubishi ulivyorudi, lakini kwa kunong'ona, vichwa vyetu vikiwa vimekutana juu ya kioo. Mama Klementina aliwasha moto wake nyuma ya banda, na kwa siku zile benchi tulilihamishia huko. Nikiambiwa nichague siku moja tu ya ujana wangu kuirudia, nitachagua mojawapo ya hizo.

Severine alirudi baada ya matanga. Alishuka garini kwanza, kisha Wilhelmina, kichwa kimenyolewa, kisha mzee mmoja mwembamba ambaye hatukumfahamu. Severine alituona tumejaa nyuma ya banda lake, uso ukakaza. Akaona sanduku. Akaona maji yanayong'aa.

Wilhelmina alipiga magoti mbele ya kioo. Hakusalimia mtu. Kamongo alikuja mpaka mbele, akageuka, akatuonyesha upande wenye vinyoya vifupi vilivyokuwa vinaota upya.

— Amekonda, alisema.

— Amekonda, mayu, lakini mzima, alijibu Injini.

Hapo ndipo alipolia. Severine alituambia baadaye kwamba kule msibani hakutoa chozi hata moja, mpaka ndugu wakaogopa. Alilia paji la uso likiwa kwenye kioo, na sisi tukaangalia miguu yetu. Bama akamsogelea Severine.

— Ile chumvi. Niliizidisha.

— Uliizidisha, alisema Severine. Akamshika bega, hakuliachia.

Yule mzee alikuwa baba yake Wilhelmina, Mzee Nyanda. Mwanawe alikataa kumwacha kwenye nyumba ile bila mtu. Alituitikia salamu kwa heshima, akasogea kutazama. Tukamweleza yote kwa mpigo: maji ya mchangani, magunia, maini, chumvi ya mboga. Alisikiliza mpaka mwisho.

— Hayo ya shingoni, alisema, akikua yangekwisha yenyewe. Kamongo mkubwa hana. Huja juu akavuta hewa kama sisi.

Injini alishika kiuno.

— Kwa hiyo, baba, tumehangaikia kitu ambacho kingedondoka?

— Mngekiacha, asingefika huko kukua. Mmefanya vizuri.

Akainama zaidi. Kamongo alikuwa anapanda taratibu, akagusa uso wa maji kwa pua, akashuka mpaka chini, akazunguka kona zote nne za sanduku, akatulia. Mzee alimfuata kwa macho, mikono nyuma.

— Na humu, aliuliza, anakaa peke yake?

Injini alimtazama Bama, Bama akamtazama Severine. Wilhelmina aliinua uso kwenye kioo, akamwangalia baba yake, ambaye sasa naye alikuwa amebaki peke yake.

Kwenye benchi tulikorudi kukaa, Bama akasogea. Injini akasogea. Redio akainuka kabisa, akaegemea ukuta. Mzee Nyanda akaona nafasi, akakaa, akauliza kwa sauti ya mgeni kama kahawa bado ipo.

Mama Klementina alitikisa birika. Lilikuwa tupu. Akainama, akapuliza moto upya.