Sauti ya Bibi Haikuwa ya Darasa Lile

Nilichomoa waya ukutani. Ndivyo ilivyokuwa, ndugu zangu, msije mkasikia vingine huko nje. Nilikuwa napita koridoni pale kituo cha lugha, Kigali, na daftari langu la mahudhurio, nikasikia sauti ya bibi yangu inatoka darasani. Bibi yuko Masaki, Kisarawe, hajawahi kuvuka hata Mto Ruvu. Nikafungua mlango. Spika iko mezani, wanafunzi kumi na wawili, saba wanaume, na bibi anaeleza mambo anayofundwa mwali akiwekwa ndani. Wanaume wanacheka. Nikachomoa waya.

Mkuu wa kituo, ndiye aliyekuwa anafundisha, akaniuliza, "Umeingia hapa kama nani? Mwalimu au mwanafunzi?"

"Mjukuu," nikamwambia.

Maneno yenyewe siyasemi. Baba zangu mmekaa pale nyuma, nawaona mlivyotega masikio.

Wengi mnanijua, mmekula vitumbua vyangu hapa Kwa Mathias. Elimu yangu kidato cha nne. Nilipopata kazi ya kufundisha Kiswahili kule Kigali, mtoto wangu alikuwa na miaka miwili, nikamwacha kwa mama. Makubaliano yalikuwa asubuhi nafundisha, mchana nasomea cheti cha isimu tumizi, yaani elimu ya namna watu wanavyotumia lugha na namna ya kuifundisha. Niliyapenda yale masomo jamani. Mambo mengi nilikuwa nayajua tangu utotoni, sikujua tu kama yana majina.

Tukapewa kazi: kila mtu akienda likizo amrekodi mzee wa kwao akizungumza. Nikaenda Masaki, nikawasha simu irekodi, nikamwomba bibi anieleze anavyotengeneza makopa ya muhogo. Bibi akianza hasimami. Kutoka kwenye makopa akaingia kwenye habari za shangazi yangu alivyowekwa ndani na alivyofundwa, akaenda mpaka mwisho. Kisha akanitazama. "Hayo ya mwisho ni yako na wanawake wenzako. Mwanamume asiyasikie."

"Sawa, bibi."

Nilitakiwa kukikata kipande kile. Sikukikata. Nawaambia ukweli, nilitaka maksi, na kipande kile ndicho kilichokuwa kitamu. Nikaandika juu ya kazi yangu: wasikilize wanawake tu. Mkuu ndiye aliyesimamia masomo yetu pia. Alisoma maandishi yale mbele yangu, akasema nisijali, atampa mwalimu wa kike asahihishe.

Sasa siku ile ya waya akaniambia, "Hii ni data, mali ya kituo. Na huko Kisarawe nani atajua?"

Kicheko cha wale wanafunzi ningekimeza. Hilo la nani atajua ndilo lililonikaa kooni. Yaani bibi yangu amekuwa mkorosho wa njiani, kila apitaye anaokota.

Akanipa siku tatu: barua ya kuomba radhi, au kazi na cheti vyote basi. Na mimi nikaandika. Msinitazame hivyo. Nilimfikiria mtoto, nikaandika kwamba nimekosa adabu, nikasaini. Wiki mbili nilifundisha watu shikamoo na marahaba, na mwenyewe najiona sina adabu hata moja.

Nikampigia bibi, nikamwambia yote.

"Huyo mwanamume simjui, nitamkasirikia vipi?" akasema. "Wewe nakujua."

"Nisamehe, bibi."

"Kaitoe kwanza sauti yangu. Msamaha tutaongea ukirudi."

Nilikwenda kwa yule mwalimu wa kike. Kumbe kazi yangu hakuwahi hata kuonyeshwa. Ndiye aliyeniambia kuna bodi juu ya mkuu, na malalamiko ya maandishi lazima wayajibu. Akanipa kompyuta yake, akakaa mlangoni mpaka nikamaliza kuchapa. Mungu amlipe. Na mama yangu, aliyelea mtoto bila kunisimanga, ahsante mama.

Bodi ilikifuta kile kipande. Mkuu akaondolewa kwenye masomo yetu, cheti nikamaliza. Bibi amenisamehe, ila mpaka leo nikitoa simu mfukoni ananyamaza. Hilo hakuna bodi ya kulifuta.

Kwa hiyo dada zangu, ukiwekewa amana, usiandike onyo juu yake ukadhani umeilinda. Isitoke mkononi mwako. Na ukionewa, andika. Kelele zangu za siku ile zilisahaulika kesho yake. Hii karatasi walishindwa kuisahau, na nawasomea kama nilivyoipeleka:

"Kwa bodi ya kituo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mwanafunzi wa isimu tumizi hapa kituoni. Nalalamika rasmi kwamba sauti ya bibi yangu ilichezwa mbele ya wanaume, kinyume cha sharti alilotoa yeye na nililoliandika mimi. Naondoa barua yangu ya kuomba radhi, kwa sababu ninayepaswa kumwomba radhi si mkuu wa kituo. Naomba kipande hicho kifutwe kila mahali kilipowekwa. Naomba jibu kwa maandishi, na kwa Kiswahili, ili nimsomee mwenye sauti. Mkuu aliuliza huko Kisarawe nani atajua. Bibi ameshajua."