Jina Nililoliruka

Farrukh mwanangu, sogea, na wewe Yaqut mwanafunzi wangu, acha kuchochea moto, joto limeshanitosha. Nisikilizeni kabla ulimi haujawa mzito.

Zawiya hii yetu ya dhikiri hapa Sarakhs, mashamba yake ya ngano na punda wote wawili, hata yule mkorofi, nawaachia muwatunzie wageni. Linalonisumbua ni joho hili la usheikh.

Miaka thelathini mmenisikia kila Alhamisi nikitaja silsila yetu, sheikh kwa sheikh, hadi kwa Mtume, na mwanzo wake nasema, "Nilivishwa joho na Sheikh Bukhtiyar." Nimewadanganya. Bukhtiyar alifariki mimi nikiwa bado mchunga ngamia nisiyejua hata kutawadha vizuri. Bukhtiyar alimvisha joho Bibi Nushin, aliyekuwa akikanda unga jikoni, na Bibi huyo ndiye aliyenilea miaka saba mbele ya tanuri. Nikilia kwamba sioni nuru, ananiambia, "Nuru gani, we mjinga, mkate unaungua!" Basi naubandua mkate, na wallahi, siku moja nikiubandua sikujua tena kama mimi ni mkono, au mkate, au moto. Akacheka, akavua joho, akanivisha, mabegani limejaa unga.

Nami nikaona haya kumtaja mwanamke wa jikoni. Nikamruka, wanangu. Aliishi miaka mingine tisa akinisikia nikimruka, na kila Alhamisi aliniletea supu, hakuninunia hata siku moja. Hilo ndilo linaloniumiza.

Tangu theluji ianze namwota. Masheikh wetu wanapita bustanini wameshikana mikono, nyayo zao hazigusi majani, nami nanyoosha mkono wangu lakini haumfikii Bukhtiyar. Kati yetu pana nafasi ya mtu mmoja, na pananukia mkate.

Najua, Farrukh, kwa nini umekunja uso. Unataka kusema, "Baba, watu watatucheka, wataenda kwa wengine." Waende! Asiyeweza kumtaja Bibi huyo asilivae joho hili, hata akiwa damu yangu.

Haya, nishike mkono, anza silsila, nikusikie... Hapana. Umemruka. Rudia... Umemruka tena, mwanangu, kama mimi. Taratibu, sina haraka... sina pumzi tu. Rudia.

Ee. Nushin. Mungu akufungulie kila mlango, mwanangu. Livae. Mtaje na aliyemvisha yeye... endelea... nasikia...