Fundi Taratibu, Mtu Asiyekuwa na Malengo

Marehemu baba yetu, aliyejulikana na wengi kama Fundi Taratibu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili na wa mwisho. Mama yake alifariki yeye angali mdogo, akalelewa na dada yake, ambaye sisi tunamwita Shangazi Mwalimu. Shangazi alikuwa amemwahidi mama yao kwamba huyu mdogo atakuwa mtu wa maana, na ahadi hiyo ilimnyima usingizi miaka mingi. Marehemu mwenyewe alilala vizuri tu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965. Darasa lilipoambiwa liandike insha kuhusu malengo ya maisha, aliandika sentensi moja: "Nikiwa mkubwa nitakuwa mimi, ila mrefu zaidi." Akapewa sifuri. Shangazi alilia, na mwenye sifuri ndiye aliyembembeleza.

Mwaka 1968 alianza kujifunza ufundi wa makochi, akaufanya hadi alipostaafu mwaka 2013. Kila kochi, akishalijaza sponji na kulivika kitambaa, alilijaribu kwa kulilalia. Lisipomletea usingizi, alilifumua upya. Mama yetu alipofuata kochi la kwao mwaka 1977 alimkuta fundi yumo ndani yake, anakoroma. Akafumbua macho, akasema, "Karibu dada. Hili limeiva." Walifunga ndoa tarehe 5 Agosti 1978.

Marehemu alipostaafu, Shangazi alishikwa na hofu. "Mtu asiye na cha kuhangaikia atanyauka," alituambia, nasi tukamwamini. Tukamletea kuku wa biashara. Akawazoea mpaka akashindwa kuuza hata mmoja. Tukamchagua mwenyekiti wa kikao cha ukoo. Akatukalisha kwenye makochi yake, na kabla ya ajenda ya pili wote tulikuwa tumesinzia. Mpaka leo ndicho kikao pekee cha ukoo wetu kilichokwisha bila ugomvi.

Juni mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, akalazwa. Shangazi alishinda naye kila siku, na hatimaye lililokuwa likimkaa rohoni likamtoka.

"Hebu niambie ukweli, mdogo wangu. Umeishi hivi hivi tu, hulengi kitu. Hujawahi kuona umepungukiwa? Mama nitamwambia nini?"

Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia.

"Dada, lengo si ulikuwa nalo wewe? Lilitutosha wote wawili. Mimi nimeridhika, tena zamani sana. Na mama usihangaike naye, nitamwambia mwenyewe."

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nane mchana. Tunamlilia, maana tulimpenda mno.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada yake. Tangu Jumanne Shangazi anakaa barazani, mikono mapajani, hapangi lolote. Tulipomuuliza kama anahitaji kitu, alijibu, "Hapana, wanangu. Nimekaa tu. Kumbe panakalika."

Pumzika kwa amani, baba. Kazi hiyo hukuhitaji kufundishwa.